Nyanda za Juu Kusini tunalisha nchi, watoto wetu wanadumaa. Mtoto wako anashinda wapi mchana?

NesiWaIsanga

Kwema wakuu?

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Mbeya mjini. Kabla ya kuhamia huku nilifanya kazi vijijini Iringa. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimekaa nalo rohoni muda mrefu, na kila nikilisikia likizungumzwa naona limekatwa vipande: watu wa lishe na lishe yao, watu wa mazingira na miti yao, watu wa ustawi wa jamii na kesi zao. Mtoto ni yuleyule mmoja.

Nianze na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ni kama 50. Mbeya yetu inakaribia theluthi. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya nchi: mahindi, maharage, viazi, ndizi, maziwa, parachichi linalouzwa hadi Ulaya.

Kudumaa si ufupi wa ukoo. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake kwa sababu mwili umekosa mahitaji kwa muda mrefu, hasa ndani ya zile siku 1,000 tangu mimba hadi miaka miwili, na kipindi hichohicho ubongo nao unajengwa kwa kasi ambayo hairudi tena. Ukimpima uzito tu unaweza usione kitu. Ana mashavu, anacheka, mama anasifiwa kliniki nzima. Umlaze kwenye ubao wa kupimia urefu, ndipo unajua.

Sasa kwa nini, wakati chakula kipo? Nimewasikiliza akina mama wengi, na jibu ninalolipata ni hili: mama hana muda, na mtoto hana pa kushinda. Mama wa sokoni anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo. Mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake wa darasa la pili, au na bibi ambaye naye ana shamba. Tumbo lake ni dogo, anatakiwa ale kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku na anyonye katikati. Anachopata ni uji wa asubuhi na ugali wa jioni mama akirudi. Kati ya hapo hakuna anayemsemesha, hakuna anayemjibu akilia. Hilo la kusemeshwa na kujibiwa si pambo. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa 2018 unaliita malezi yenye mwitikio na umeliweka sawa na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania nayo ilizindua Desemba 2021 programu yake ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, ikasimama juu ya nguzo hizohizo tano.

Halafu anacheza wapi? Pitia Mabatini, Itiji, Iganzo, hata huku Isanga. Nyumba zimebanana, njia ni ya bodaboda na bajaji, uwanja uliokuwa wazi sasa una fremu za biashara. Mtoto anacheza kwenye mtaro.

Hoja yangu ni moja. Kila soko na kila kata hapa mjini iwe na eneo moja la mtoto: kituo cha kumlea mchana, siku ya kliniki hapohapo, na bustani yenye miti na nyasi, vyote ndani ya uzio mmoja, mahali mama anapoweza kufika kwa miguu kwenda kunyonyesha na kurudi kwenye meza yake. Shirika la Van Leer la Uholanzi lina mpango unaoitwa Urban95, na 95 ni sentimita, urefu wa mtoto mwenye afya wa miaka mitatu. Wanawauliza mameya: ungekuwa na sentimita 95, mji wako ungeuonaje? Nawauliza na ninyi. Chuchumaa pale Kabwe, hapa mjini, saa kumi na mbili jioni, utazame.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Mtoto wako anashinda wapi mchana?

---

MuuzaNdizi_Mwanjelwa

Dada nesi, ndaga fijo, asante sana kwa uzi huu. Umenigusa.

Mimi nauza ndizi za Rungwe. Mwanangu wa mwisho amekulia kwenye boksi chini ya meza. Nilitandika kitenge na mfuko wa salfeti juu kuzuia jua na manyunyu. Vumbi ni lake, moshi wa magari ni wake, kelele za wapiga debe ni zake. Kunyonyesha nilimnyonyesha vizuri kwa sababu alikuwa karibu, ila alipoanza kutambaa nilimfunga kamba kiunoni, ncha nyingine mguu wa meza. Watu walinisema sana. Hakuna aliyesema nimpeleke wapi.

Vituo vipo, msidhani hatujui. Shida ni mbili. Kwanza ada, maana biashara yangu siku nyingine inarudi na hasara. Pili muda. Vituo vingi vinafunga saa tisa au saa kumi alasiri, na soko ndiyo kwanza linachangamka, watu wanatoka kazini wananunua ya jioni. Nikimfuata mtoto saa tisa nimepoteza wateja wote. Kwa hiyo hicho kituo chenu kama kitafuata saa za ofisi, sisi wa sokoni hakituhusu.

---

BabaWatatu

Nesi, nakuheshimu sana na kazi yenu naijua. Ila hapo kwenye miti na bustani umenipoteza.

Mimi ni dereva wa bajaji, naishi Ilomba. Nina watoto watatu. Maji yanatoka kwa mgao, zahanati ukifika unaambiwa kanunue dawa nje, ingawa Sera ya Afya ya 2007 inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo. Leo tukipata milioni kumi za kata tuzipeleke kwenye nyasi? Mbeya si Dar, hapa hatuungui na jua. Kijani tunacho, ukiinua macho unaona mlima Loleza. Nafikiri bustani ni mambo ya watu wa mtaa wa Forest wenye viwanja vikubwa. Sisi tupeni maji na dawa kwanza, miti tutaipanda tukishiba.

Sisemi kwa ubaya.

---

NesiWaIsanga

Kaka BabaWatatu, swali lako ni la haki na nimelitarajia.

Maji na dawa ni haki ya mtoto, sitaki hata senti moja itoke huko. Ila miti si pambo. Denmark walifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya 900,000 tangu utotoni, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Waliokulia sehemu zenye kijani kidogo kabisa walikuwa na hatari hadi asilimia 55 zaidi ya kuugua maradhi ya akili ukubwani, hata baada ya kuondoa athari ya kipato cha wazazi na historia ya ugonjwa kwenye familia. Barcelona mwaka 2015 walipima watoto 2,593 wa shule za msingi: wenye miti na majani mengi kuzunguka shule yao walipiga hatua kubwa zaidi kwenye kumbukumbu na umakini ndani ya mwaka mmoja. Utafiti wa aina hii hauthibitishi peke yake kwamba mti ndio uliosababisha. Finland walikwenda mbali zaidi. Walichukua udongo na majani ya msituni wakayatandaza kwenye viwanja vya chekechea, watoto wa miaka 3 hadi 5 wakacheza humo siku 28, na vipimo vya damu vikaonyesha kinga ya mwili imebadilika kuelekea kuzuri.

Turudi nyumbani. Kijani cha Loleza unakiona, lakini mwanao wa miaka miwili hawezi kukitumia. Yeye anahitaji kijani anachoweza kukifikia kwa hatua zake. Pili, sisi tunaishi kwenye miteremko. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilishuka likafukia nyumba pale Itezi. Mteremko ulioachwa bila mizizi ya kutosha ukipigwa na masika unawashukia walio chini, na walio chini ndio wenye watoto wadogo na kodi nafuu.

---

Mnyalu_Ipogolo

Kamwene wote.

Kwenye huu uzi Iringa tumetajwa kwa namba kubwa kuliko wote, kwa hiyo na niseme. Namba ile inatuuma. Tumezoea kuambiwa hatujui kula. Tunajua kula. Mama zetu wanajua mboga za majani ambazo vitabu havijaziandika.

Yafuatayo ninayasema kama mtoto wa hapa.

La kwanza ni kazi ya mwanamke. Msimu wa kulima, kuanzia mvua za Novemba, mama analima, anachota maji, anatafuta kuni, anapika, na mimba ipo tumboni. Mwenye mimba anayekula mara moja kwa siku na kulima heka mbili anazaa mtoto ambaye ameanza kudumaa kabla hajalia. Wataalamu wakija wanamfundisha MAMA kuchanganya uji. Sijaona siku wakimfundisha baba kubeba ndoo.

La pili ni ulanzi, pombe ya mianzi. Ukipita vijijini msimu wa mvua utaona. Mtu mzima akinywa ni juu yake. Lakini ulanzi mtamu wa asubuhi wanaonjeshwa watoto ili walale, wazazi wafanye kazi. Wengine wanaamini unampa nguvu. Unachacha kadiri saa zinavyokwenda, na mtoto aliyeshiba ulanzi halii njaa. Hili tuliseme kwa sauti bila kuona haya, kwa sababu kuona haya hakujamnenepesha mtoto yeyote.

La tatu ni sembe. Mahindi yetu mazuri tunayakoboa mpaka yanakuwa meupe, pumba tunawapa nguruwe. Virutubisho vingi vimekwenda na pumba. Dona ndiyo chakula, ila dona tumeifanya iwe alama ya umaskini, mgeni akija tunasonga nyeupe.

La nne, na hapa namuunga mkono dada nesi kabisa: hakuna anayebaki na mtoto. Bibi wa siku hizi si bibi wa zamani. Bibi wa siku hizi ana miaka arobaini na mbili, naye yuko shambani.

---

LupembeChai

Mnyalu nakazia, hasa hilo la bibi.

Huku kwetu Njombe ongeza mashamba ya chai. Kibarua wa kuchuma analipwa kwa kilo. Kila nusu saa ya kumnyonyesha mtoto ni kilo ambazo hazikuchumwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84, mapacha siku 100, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku tatu. Ni sheria nzuri kwa mwenye mkataba. Kibarua wa kilo haijui, na asiye na mwajiri kama dada wa ndizi hapo juu haimgusi kabisa.

Jambo la pili ni baridi na moshi. Juni na Julai tunafunga milango, jiko liko ndani, mtoto yuko mgongoni au kando ya moto. Kifua kinabana mpaka masika. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unalenga kaya asilimia 80. Gesi ya mtungi imefika mjini, vijijini bado ni kuni. Na tafadhali, wanaolala na jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto waache, hewa ile haina harufu, na inaua.

La tatu, miti. Wakuu wa Mbeya mnalilia miti, sisi tumezungukwa nayo. Ni milingoti (mikaratusi) na paini. Watu wamepanda mpaka ukutani, mpaka kwenye vinyungu kule bondeni walikolimia mboga kiangazi. Mboga imepotea, kijito kimepungua. Kwa hiyo ukisema kijani uwe unasema na mti gani, kwa faida ya nani.

---

MipangoMiji

Nimefanya kazi ya mipango miji kwenye halmashauri zaidi ya moja. Nitachangia upande wangu tu.

Maeneo ya wazi hayapotei kwa bahati mbaya. Michoro ya mipango miji karibu yote ina viwanja vilivyoandikwa eneo la wazi, shule ya awali, bustani. Kwenye ramani ni rangi ya kijani. Kinachotokea ni kwamba kiwanja kinakaa miaka hakijaendelezwa, hakina uzio, hakina bango, hakina hati. Mmoja anaweka tofali, mwingine anaweka kibanda, baadaye mtu anakuja na barua ya kubadilisha matumizi. Kisheria badiliko hilo linapita kwenye vikao vya halmashauri, na diwani wako amekaa humo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kabla ya mti wowote: nenda ofisi ya mipango miji uombe kuona mchoro wa mtaa wenu, ujue kiwanja kipi ni cha umma. Mwananchi ana haki ya kuuona. Wengi wanashangaa wakikuta wanacho.

La pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mbeya tuna mito inayokatiza katikati ya mji: Meta, Sisimba, Nzovwe. Leo kingo zake ni dampo na bustani za mchicha. Ukanda ule ukipandwa majani na miti ya asili, ukawekewa njia ya miguu, utakuwa bustani ndefu inayopita mitaa ile ile yenye msongamano, na hautamgharimu mtu fidia ya jengo kwa sababu jengo halikutakiwa kuwepo. Kwa walimaji wa mchicha lazima watafutiwe pengine, sitaki kumwondolea mama mmoja riziki ili mtoto wa mwingine acheze.

La tatu, fedha za miundombinu zipo kwenye miji. Mradi wa TACTIC unagusa miji 45, Mbeya ikiwemo: barabara, masoko, mifereji, stendi. Soko likijengwa, kinachoamua kama litakuwa na chumba cha kunyonyeshea na kituo cha watoto ni nani alikuwepo kwenye mikutano ya wadau michoro ilipokuwa karatasini. Zege likishamwagwa tumechelewa.

Kuhusu miti: kwenye eneo la watoto msipande mlingoti. Unakunywa maji, matawi yanadondoka, chini yake hapaoti nyasi. Pandeni mparachichi, mpera, mjakaranda kwa kivuli. Msiweke miba wala maua yenye utomvu wa sumu, maana mtoto wa mwaka mmoja kila kitu anakipeleka mdomoni.

---

MwalimuWaAwali

Naomba niongeze kidogo. Mimi nafundisha darasa la awali, shule ya serikali, Mbeya Vijijini. Watoto wanakuja kwetu wakiwa na miaka mitano. Tunawapokea wengine hawajui majina ya rangi, si kwa sababu ni wazito, ila hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao chini akacheza nao. Mtoto kama huyo nampa vizibo vya soda na magunzi ahesabu, ndani ya wiki chache anafunguka. Najiuliza angefunguka na miaka miwili ingekuwaje. Serikali inamjua mtoto akiwa kliniki ya chanjo, halafu inamwona tena akija kwangu. Hapo katikati yuko na nani?

---

BabaWatatu

Nimesoma yote. MipangoMiji umenisaidia, hilo la mita 60 sikulijua.

Nirekebishe msimamo wangu kidogo. Bustani kama pambo bado siitaki. Lakini kama ni mahali mtoto anaachwa salama, hapo nakubali, na nitasema kwa nini. Barabara kuu hii ya kwenda Tunduma inapanuliwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Mimi ni dereva, naitaka barabara. Lakini malori ya Zambia na Kongo yatapita kwa kasi zaidi, na watoto wa Ilomba, Mafiati, Iyunga wanavuka kwenda shule na kuchota maji. Mtoto mdogo hajui kukadiria mwendo wa gari. Nimeona mengi barabarani ambayo sitaki kuyaandika hapa. Sehemu ya kuchezea ikiwa upande wenu wa barabara, mtoto hana sababu ya kuvuka.

Swali kwa nesi. Mnatuita akina baba tuje kliniki, tukija tunakaa kwenye benchi hatuambiwi kitu. Sisi tufanye nini hasa?

---

NesiWaIsanga

Kaka, umesema kweli kuhusu benchi, na kwa wenzangu wa kliniki nalisema hilo kila nikipata nafasi: baba akija apewe mtoto ambebe, apewe kadi aisome.

Cha kufanya nitakieleza kwa mfano wa Jamaika, kwa sababu unatugusa kuliko tafiti zote nilizozitaja. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, wa familia maskini. Sehemu yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa kawaida, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Kazi ya mhudumu huyu haikuwa kuleta chakula. Alikuja na vichezeo vya kutengeneza kwa makopo na vitambaa, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kumtajia vitu, kumsifu. Miaka 20 baadaye watafiti wakawatafuta. Wale waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, wakawa wamewafikia wale ambao hawakudumaa kabisa.

Kwa hiyo jibu lako: msemeshe. Ukirudi na bajaji jioni, kaa naye dakika kumi. Mwimbie, mtajie pua, sikio, paka. Akitoa sauti, mjibu kama unayezungumza na mtu. Halafu hakikisha kwenye sahani yake kuna yai au dagaa au maharage, si ugali na mchuzi tu, na wewe ndiye unayeshika hela ya yai. Mwisho, mama akiwa mjamzito ndoo ni yako, kama Mnyalu alivyosema.

Wahudumu wa kuzunguka nyumbani nao tunao. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Wakipewa dakika za kumfundisha mzazi kucheza na mtoto, pamoja na chanjo na lishe, tutakuwa na Jamaika yetu. Halmashauri pia zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wamesaini mkataba wa lishe na Rais. Muulizeni diwani: zilitengwa ngapi, zilitoka ngapi, zilinunua nini? Kutenga na kutoa ni vitu viwili tofauti.

Mama wa ndizi, kuhusu saa za kufunga: umegonga penyewe. Jiji la Bogotá, Kolombia, tangu 2020 limeanzisha maeneo wanayoyaita mitaa ya malezi. Mama anakuja na mtoto, mtoto anapokelewa, mama anafua kwa mashine za jiji, anasoma, au anapumzika tu. Wameweka huduma karibu na wanawake wanapoishi na wakapanga ratiba kwa siku ya mama ilivyo. Hapa kwetu siku ya mama ni ya soko. Kituo cha Mwanjelwa kifunguliwe kumi na moja na nusu alfajiri, kifungwe saa moja usiku, walezi wapokezane zamu. Hakuna sheria ya maumbile inayosema mtoto arudishwe saa tisa.

---

MuuzaNdizi_Mwanjelwa

Hapo sasa tunaelewana.

Sisi wa mstari wetu tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Tumezungumza leo hapa mezani. Tunao akina mama kadhaa wenye watoto wa kunyonya. Tukichanga kila mmoja kidogo kila siku, hela ambayo hata hivyo tunampa binti wa kubeba mtoto, tunaweza kumlipa mama mmoja mtu mzima akae nao. Chumba kuna mwenye fremu nyuma ya soko ambayo haina biashara. Tunachoogopa ni kufungiwa. Kibali kinapatikana wapi?

---

MipangoMiji

Mama, msianze bila kibali, si kwa sababu ya kuogopa tu, ni kwa usalama wa watoto wenyewe. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atakuja kukagua: choo, maji, hewa na mwanga, uzio, idadi ya watoto kwa kila mlezi, sifa za mlezi. Fremu ya nyuma ya soko mara nyingi haina dirisha wala sehemu ya nje, na hapo ndipo mtakwama. Ndiyo maana nasema tafuteni kiwanja cha umma kilicho jirani, hata kidogo, muombe kukitumia. Kikundi chenu kikisajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hauna riba.

---

Mnyalu_Ipogolo

Nesi, swali moja la kitaalamu. Umesifu udongo wa Finland. Watoto wetu wanashinda kwenye udongo na wana minyoo. Au ni udongo tofauti?

---

NesiWaIsanga

Ni tofauti sana, kaka Mnyalu. Udongo wa msitu wenye majani yaliyooza ni kitu kingine. Uwanja wetu una kinyesi cha kuku, mbuzi na wakati mwingine cha watu. Mtoto akiulamba kila siku utumbo unavimba ndani kwa ndani, anakula lakini chakula hakifyonzwi vizuri. Ila ujue pia kwamba Zimbabwe walijaribu usafi wa nyumbani peke yake, yaani vyoo, kunawa mikono, kutibu maji na sehemu ya mtoto kuchezea, matokeo ya 2019 yakaonyesha udumavu haukupungua kwa hilo, wakati lishe iliyoongezwa ilisaidia kidogo. Usafi wa kiwango cha kawaida hautoshi, inabidi mtoto apate sehemu safi kweli ya kutambaa, iliyotengwa na mifugo. Nyasi zilizokatwa, uzio wa kuzuia kuku, mkeka. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A hutolewa Juni na Desemba, msikose. Na unga wa lishe wa kuchanganya nafaka saba na karanga, ukikaa wiki nyingi dukani, unaweza kupata sumukuvu, sumu ya ukungu. Ni bora uji wa dona, halafu karanga zilizochaguliwa vizuri uzisage siku hiyohiyo.

---

MamaK_Uyole

Samahani nimechelewa kuuona uzi. Mwanangu ana miaka mitatu, ana mtindio wa ubongo. Vituo viwili vimemkataa, wanasema hawana wa kumshika. Kwenye hiyo mipango yenu yeye yumo?

---

NesiWaIsanga

Yumo mama, na asante kwa kuuliza maana hatukumtaja na tulipaswa.

Kwanza wewe. Kama hajaanza mazoezi ya viungo, mpeleke hospitali ya rufaa wamwone, miaka mitatu bado ni mapema na kila mwezi una maana. Waombe wakufundishe namna ya kumkalisha na kumlisha, kwa sababu watoto hawa wengi wanapungua uzito kwa kushindwa kumeza vizuri.

Kuhusu kituo: MipangoMiji, ukija kuwaandikia vigezo vya eneo la mtoto, naomba uongeze njia ya tambarare isiyo na ngazi kutoka getini hadi kivulini, na kiti kimoja cha kukalia chenye mikanda. Fundi seremala wa Uyole anaweza kukitengeneza kwa mbao. Mama wa ndizi, mkikaa na afisa ustawi wa jamii mumwulize kama kikundi kinaweza kupata mlezi aliyefundishwa kwa watoto wa aina hii. Kundi la wazazi wenye watoto kama wako lipo hapa mjini, niandikie faragha nikuunganishe nao.